Sauti ya Mama Ilikuwa Ujerumani

Mama alipoteza sauti kabla ya kupoteza uhai. Uvimbe ulianzia kooni, na mvua za vuli zilipoanza alikuwa akizungumza nasi kwa mikono na macho tu. Mimi ni mwalimu wa jiografia, naishi Lemara. Nilifanya wanachofanya wengi wa rika langu wanapokosa la kufanya: nilishika simu nikatafuta. Nilitafuta dalili, dawa za hospitali, dawa za miti shamba. Mwishowe nikawa nauliza maswali ya kitoto, kama vile mtu akipona koo, sauti inayorudi huwa ni yake ileile au nyingine.

Tulimzika nyumbani, magharibi ya Mlima Meru, juu ya Ngaramtoni. Kwaya ya usharika iliimba, watu wakala, wakatawanyika. Simu yangu ndiyo haikupewa taarifa ya msiba.

Nikifungua habari, tangazo. Nikitafuta bei ya mbolea kwa ajili ya shamba la nyumbani, tangazo. Daima alikuwa mwanamke yuleyule, mkono mmoja shingoni, mwingine umeshika chupa ya kijani, na chini yake maneno: "Koo la umpendaye bado linaweza kupona." Siku moja nilikuwa nawaonyesha wanafunzi ramani ya Bonde la Ufa kwa projekta niliyoiunganisha na simu, na yule mwanamke akatokea ukutani, mkubwa kama mlango, akitabasamu. Darasa likacheka. Nilitoka nje nikasimama kwenye korido.

Mwalimu wa kompyuta, Mchaga wa Marangu ambaye ni mdogo kwangu kidogo kiumri, alinikuta pale.

"Dada, kuna nini?"

Nikamweleza. Hakucheka. Alichukua simu yangu akaipekua, akawa anatikisa kichwa.

"Hawa wamekuganda kama kupe," alisema. "Kila unakopita wanapita. Hawajui kama mama ametangulia. Wanachojua ni kwamba ulitafuta."

Aliniwekea brauza nyingine, ile isiyoruhusu matangazo wala wafuatiliaji, akafuta kila kitu nilichowahi kutafuta. Kesho yake kurasa zilikuwa nyeupe na tulivu. Nilitegemea kupumua. Badala yake nilikaa mezani nikaingiwa na baridi. Tangazo lile lilikuwa kitu cha mwisho duniani kilichoamini kwamba mama bado anaumwa, yaani bado yupo. Na sasa nalo nilikuwa nimelizika.

Ndipo nilipogundua kwamba sauti yake sikuwa nayo popote. Mama alitumia kitochi, simu ndogo ya vitufe, maisha yake yote. Hakuwahi kutuma ujumbe wa sauti. Picha zilikuwepo, za kipaimara na za harusi, lakini zote zimefunga mdomo. Nilijaribu kuikumbuka sauti akilini na kila siku ilikuja nyembamba zaidi, mpaka nikawa sina uhakika kama ninayoisikia ni ya kwake au ni yangu mwenyewe.

Binamu yangu ni muuguzi Ujerumani. Jioni moja aliniandikia: "Nimemwona mama kwenye runinga ya huku. Anaongea." Nilikumbuka. Miaka kadhaa nyuma walikuja wageni na kamera, wakarekodi habari za wakulima na wafugaji wa mlimani. Mama aliwahi kunisimulia jinsi walivyomwomba akamue ng'ombe ambaye alishakamuliwa asubuhi. Binamu alinitumia kiungo. Nilibonyeza. Skrini ikaja nyeusi, na sentensi moja: Video hii haipatikani katika nchi yako.

Katika nchi yako. Nilisoma maneno hayo nikiwa hatua chache kutoka barabara inayoelekea kwenye kaburi lake.

Binamu alijaribu kuirekodi kwenye simu yake, lakini alichopata ni giza tupu lisilo na sauti. Nikarudi kwa mwalimu wa kompyuta. Safari hii alifunga kwanza mlango wa ofisi ya walimu, maana VPN bila kibali kwetu ni kosa, na neno lenyewe watu hulitaja wakiangalia nyuma.

"Itafanya simu yako ionekane kama iko Ujerumani," alisema. "Wewe utakuwa hapahapa."

"Na mama?"

Alinirudishia simu, akafungua mlango.

Jumamosi mchana nilikaa peke yangu chumbani, nikachagua nchi, nikangoja alama igeuke kijani. Video ikafunguka. Mlima ulipita, mbuzi wakapita, halafu mama akawa amesimama kwenye uzio wa boma na kanga yake ya njano, mzima, shingo laini. Akafungua mdomo. Nikasikia Kimaa chake, lugha yetu ya nyumbani, maneno mawili au matatu, ile sauti nzito yenye mkwaruzo niliyokuwa nimeisahau kabisa. Kisha mwanamke wa Kijerumani akaanza kuzungumza juu ya sauti yake, akimtafsiri.

Mdomo wa mama uliendelea kucheza. Chini ya ile sauti ngeni, ya kwake iliendelea, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Nilirudia, nikarudia. Niliokota maneno ya mvua na ya ng'ombe, mengine yakazama. Nimesomea bweni tangu utotoni na sikio langu la Kimaa limepungua makali. Binamu alinitafsiria Kijerumani: "Anasema mvua zimebadilika. Mwaka ule wa ukame walipoteza mengi."

Jumapili baada ya ibada nilipanda kwa mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye bado anaishi kwenye boma lile. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosini.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

Nilimwambia nilichokuja nacho. Hakutaka kutazama picha. Aliiweka simu sikioni kama anayepokea simu, akafumba macho. Mtandao wa mlimani ulikatika, VPN ikaanguka, nikaiunganisha upya, tukaanza tena. Mara ya pili aliitoa simu sikioni ghafla na kuiweka kwenye nyasi.

"Amemtaja," alisema.

"Nani?"

"Kaka yako."

Nilijua kulikuwa na mtoto kabla yangu. Nilijua kama mtu anavyojua kuna chumba kisichofunguliwa. Lakini kwetu jina la aliyekufa halitamkwi, na kwa mtoto mdogo ndiyo kabisa. Jina hufukiwa humohumo alimofukiwa yeye. Sikuwahi kulisikia. Ndiyo maana nilipolisikia kwenye video nilidhani ni neno jingine la mvua.

"Huyo mzungu anasema nini hapo juu yake?" aliuliza.

"Anasema, tulipoteza mengi."

Mama mdogo alitikisa kichwa. "Hakusema mengi," alisema. "Alisema, mwaka ule tulimpoteza. Akamtaja jina. Halafu akawaambia, jina hili mlipeleke mbali."

Nadhani ndiyo sababu alilisema. Wale wageni wangeondoka nalo, wavuke bahari, na hapa nyumbani asiwepo wa kulisikia. Lilikuwa limefichwa vizuri, hata sheria za nchi za watu zikalilinda, mpaka nilipokuja mimi na ujanja wangu wa kujifanya niko huko.

Sikuomba kuonyeshwa alipozikwa, lakini mama mdogo alinyanyuka, nikamfuata. Tulipita migomba mpaka penye ukingo wa shamba, mahali nilipochunga ndama kila likizo, mahali mama alikuwa akinikataza kukaa akisema pana siafu. Hapakuwa na jiwe wala msalaba. Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani na hatukuona hata paa la nyumba tuliyotoka.

Nikalitamka jina, lile neno nililodhani ni la mvua. Taratibu, mara moja. Kisha tena, kwa mkwaruzo ule wa mama ambao sikujua kwamba koo langu linao.

Mama mdogo alinishika mkono kwa nguvu.

"Basi," alisema. "Usimwite sana. Atadhani tunamhitaji."