Uupe Moto Mgongo

Wewe ulisomea wapi ulipokuwa mtoto? Kama palikuwa na meza na mlango wa kufunga, basi shukuru, na uache kuwaita wana wa wenzio wavivu.

Fundi Cheche, mchomelea mageti, alikuwa na chumba kimoja tu, na mlango wake ulitazama uani, palipokuwa karakana yake. Jioni ile mtoto mchanga alilia ndani, meno yanamwota, hivyo dada mtu akatoka na kitabu chake. Kesho yake alikuwa na mtihani wa kuingia sekondari, na shule nzima hapakuwa na wa kumshinda hesabu.

"Baba watoto, leo si uupumzishe huo moto?" mkewe alisema.

"Mwenye geti analitaka leo leo. Nilitaka nikalichomelee kwake, kakataa. Mwanawe ana mtihani, anasoma na mwalimu wake, hataki kelele."

"Na wa kwetu anafanya nini? Anafukuza nzi?"

Cheche akamgeukia binti yake. "Mwanangu, uupe moto mgongo. Usigeuke hata nikikuita."

"Hata ukiniita kula?"

"Utakula kwa harufu!"

Binti akacheka, akageuka, akakaa akitazamana na bati jipya lililoegemezwa ukutani. Cheche akashusha ngao yake usoni. Alijua moto ule hula macho. Hakuwaza kwamba bati lingeweza kuurudisha. Kila alipogusa chuma, bati liliwaka kama kioo.

"Baba, leo nina taa ya kitajiri!"

Akafurahi naye, masikini, akazidisha kazi. Giza lilipoingia, binti akaanza kupikicha macho.

"Usingizi huo," Cheche akasema. "Nenda ukalale."

Moto ule hauna pupa. Huuma baadaye, mtu akishalala.

Asubuhi macho ya binti yalikuwa yamevimba, yanachuruzika machozi, kana kwamba yametiwa mchanga. "Naona, baba, naona," alisema njia nzima, huku akijikwaa. Cheche akamfikisha darasani, akabaki akichungulia dirishani. Msimamizi aligawa karatasi, watoto wakainama kuandika. Binti yake akaileta yake puani, akaisogeza mbali, akairudisha. Akaiweka mezani, akafumba macho, akanyoosha mkono. Msimamizi akadhani anaomba kwenda nje. Akatikisa kichwa, akapita.