Kebini Isiyofungwa

Wifi yangu ana mkono ambao ningepewa mimi ningeutumia kwa mambo ya maana zaidi. Mchana anapaka wateja rangi za kucha saluni. Ukitaka ua kwenye ukucha wa kidole cha mwisho cha mguu, anakuchorea ua na jani lake, na ukiongea sana anakuongezea mdudu juu ya jani. Jioni anarudi nyumbani, anavaa miwani juu ya miwani, anachukua brashi yenye vinywele vichache na kuanza kupaka tena, safari hii magari ya plastiki yanayokaa kiganjani.

Aliyemwanzisha ni kaka yangu, mumewe. Alikuwa dereva wa malori ya masafa, na madereva wenzake walimwita Taratibu kwa jinsi alivyoendesha. Waume wengine wakitoka safari huleta vitambaa na manukato. Kaka alileta boksi lenye vipande vya gari la kuunganisha, zawadi ya binti yao. Mtoto alivitazama mara moja akaenda kucheza, na mama mtu ndiye aliyebaki navyo. Gari hilo la kwanza alilipaka kwa rangi za kucha. Alipokosea taa akafuta kwa dawa ya kufutia kucha, na bampa nzima ikayeyuka kama mshumaa. Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Safari iliyofuata alimletea rangi zinazofaa, vichupa vidogo vidogo, pamoja na boksi jingine.

Hivyo ndivyo walivyopendana, sina namna nyingine ya kueleza. Huyu analeta, yule anapaka, kisha wanakaa kichwa kwa kichwa chini ya taa wakibishana kuhusu kitasa cha mlango kisichofika punje ya mchele. Niliwaambia wana wazimu wa aina moja, ndiyo maana wakaoana.

Boksi la mwisho lilikuwa la lori, aina ile ile aliyoendesha mwenyewe. Alilileta akiwa tayari anakohoa. Alisema hili watalipaka wote wawili, yeye akieleza kila kitu kilivyo ndani. Hawakufika mbali. Kikohozi kikatupeleka hospitali, hospitali ikatupeleka makaburini, na kampuni ikampa dereva mwingine lori lake.

Wifi akaendelea peke yake, kwa kukumbuka. Sasa, magari haya yana utaratibu wake: vya ndani hupakwa kwanza. Kiti, usukani, dashibodi, vyote umalize, ndipo ugundishe paa la kebini. Ukishagundisha, basi, huongezi kitu tena, kazi yako ni kuchungulia dirishani. Na paa lile wifi hakuligundisha. Kila ukidhani amemaliza, amekumbuka jambo. Mara taulo la bluu kwenye mgongo wa kiti, mara chupa ya chai yenye kifuniko cha chupa nyingine, mara ule mpasuko wa kiti aliowahi kuushona kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Rangi zikakauka, akanunua nyingine.

Mume wangu, ambaye ni fundi viatu, alidhani tatizo ni gundi. Siku moja akatoa supagluu mfukoni akataka kumsaidia. Wifi alilivuta lile lori kama mtu anayeokoa mtoto asiungue. Akatueleza kwamba supagluu ikikauka hutoa mvuke, na ukiifungia kebini, mvuke huo hupaka vioo weupe kwa ndani na huoni tena chochote. Mume wangu akairudisha gundi yake mfukoni, amenuna kidogo.

Kulikuwa na dereva pia, kisanamu kidogo kuliko harage. Mwili alimpaka siku moja tu: shati, suruali, hata saa mkononi. Uso ndio uliomshinda. Anapaka, anatazama kwa kioo cha kukuzia, anafuta kwa spiriti. Anapaka tena. Siku moja uvumilivu ukaniisha nikampa vidonge vyake, nikamwambia uso wenyewe ni doa tu, nani atauona.

"Wifi," akasema bila kuinua kichwa, "nikimkosea nitakuwa nimemfungia mtu mwingine humu ndani."

Mdomo wangu hauna breki, lakini siku hiyo niliishia kumsogezea taa.

Msidhani mimi nilikuwa nimemsahau. Alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wa mtu. Kuna kipindi niliishi kwao, na ninachokikumbuka zaidi ni asubuhi. Kaka akifika usiku hakugonga. Aliegesha lori mbele ya nyumba, akapandisha vioo, akalala humo humo asituamshe. Wifi akifungua mlango alfajiri, kitu cha kwanza kutazama ni vioo vya kebini. Vikiwa vyeupe kwa pumzi, basi mtu wake yumo. Hakumwamsha. Alirudi jikoni akainjika maji ya kuoga, na mimi kitandani nikisikia sufuria najua kaka yangu amerudi salama. Mpaka leo nikisikia sufuria asubuhi, roho inaniruka.

Mwaka huu binti yao, ambaye sasa ni mtu mzima na ana kazi yake mji mwingine, alisema mama aende wakaishi wote. Macho ya wifi yamechoka, na saluni siku hizi wanampa kucha za rangi moja. Alikubali. Mwenye nyumba akaambiwa, vyombo vikaanza kuingia kwenye maboksi. Likabaki lori. Binti akamwambia kwa upole kwamba halitasafiri likiwa wazi, vyote vya ndani vitamwagika njiani. Alifunge, au aliache. Wifi akachukua kioo chake cha kukuzia, akamtazama dereva. Kuliacha hakuwezi, na dereva bado hana uso.

Siku ya mwisho nilishinda naye nikifunga maboksi ya jikoni kwa kamba. Nilipokuwa natoka akaniomba nimwambie fundi ampe supagluu. Ile gundi yake ya plastiki ilikuwa imekauka chupani kwa kukaa bila kazi. Nikadhani ni ya soli ya kiatu, nikamtumia.

Asubuhi nilimkuta binti amesimama mbele ya meza, mkono mdomoni. Lori lilikuwa limefungwa paa, na vioo vyote vilikuwa vyeupe. Taulo halionekani, chupa ya chai haionekani, wala uzi mwekundu. Nilimtafuta dereva mezani sikumwona. Kama yumo, na kama ana uso, wifi hajaniambia mpaka leo.

Roho iliniuma kwa kazi yote ile. "Wifi, si wewe mwenyewe uliyesema gundi hii inaharibu vioo?"

"Ni mimi."

Binti akasema labda fundi anaweza kulibandua paa polepole, vioo vikafutwa. Akanyoosha mkono. Mama yake akaweka kiganja juu ya kebini.

"Mwacheni," akasema. "Amefika usiku. Bado amelala."

Nikavitazama tena vile vioo, na ndipo nilipoelewa. Nililia mbele ya mtoto, bila aibu. Wifi yeye hakulia. Alienda jikoni akakata kamba ya boksi nililolifunga mimi, akatoa sufuria, akainjika maji.