Majani Magumu ni Mangapi?

Insha yangu ya kwanza ya falsafa ilirudi imekatwakatwa kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, muhula wangu wa kwanza chuo kikuu Nairobi, na Kiingereza changu nilikiamini sana. Kule kijijini kwetu Gesima mimi ndiye niliyewasomea majirani barua zao za Kiingereza kutoka serikalini. Kwa hiyo insha ile niliipamba. Neno "notwithstanding" peke yake nililitumia mara saba, mara mbili bila sababu yoyote. Chini kabisa mhadhiri wetu, Mzungu mpole mwenye ndevu za kijivu, aliandika: Unataka kusema nini?

Sikujua. Na darasani ilikuwa balaa zaidi, maana alitaka tumpinge. Nyumbani mtu mzima akimaliza kusema unaitikia, mambo yameisha. Huyu akimaliza anatukodolea macho, anangoja tumwambie amekosea. Muhula mzima niliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Tulipofunga akatupa insha ya likizo: je, mtu anaweza kujua maana ya neno bila kujua mipaka yake?

Nikaenda nalo swali hilo hadi shambani. Nilichuma chai huku nawaza, na ukichuma chai huku unawaza unachuma kila kitu, machanga na yaliyokomaa. Alasiri mimi na mama tulipofika kituo cha kununulia majani, karani akatia mkono kikapuni. Alikuwa mtu wa upande wa ziwani, hakujua lugha yetu, basi tukaongea Kiswahili, kila mmoja na chake.

"Hiki sipokei. Majani magumu ni mengi."

"Mengi ni mangapi?" nikauliza.

"Mengi ni mengi."

"Nikitoa moja utapokea?"

"Hapana."

"Nikitoa la pili?"

"Hapana!"

"Basi lazima kuna jani moja ambalo nikilitoa tu, kikapu kinakuwa kizuri. Nionyeshe hilo."

Foleni ikacheka. Kwa bahati mbaya karani naye alipenda kufikiri. Akaweka kalamu chini. "Wewe ukibaki na nywele moja kichwani, una upara?"

"Ninao."

"Mbili?"

"Bado ninao."

"Haya, upara unaisha nywele ya ngapi?"

Mzee mmoja nyuma yetu akavaa kofia yake taratibu. Kisha lori la kiwanda, lisilomngoja mtu, likasikika likipanda mlima, na kicheko kikakatika. "Mtoeni huyo profesa hapo mbele!" mtu akapiga kelele.

"Karani, msamehe," mama akasema kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa. "Anasoma."

Alimwaga majani juu ya gunia, tukapiga magoti mbele ya watu wote, tukaanza kuchambua. Baada ya muda mama akasimama. "Inatosha."

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Nimechoka."

Karani akapokea kikapu.

Jioni ile niliandika insha. Niliisimulia habari ya kikapu kama ilivyokuwa, kwa maneno ambayo ningeweza kuyaeleza moja moja, kisha nikadai kwamba karani hakujua alichokuwa akikisema. Muhula ulipofunguliwa, mhadhiri akanitaka niisome mbele ya darasa.

"Umeandika vizuri," akasema. "Lakini karani alikuwa sawa. Hakuhitaji hesabu."

"Sikubali," nikasema.

Darasa zima likanigeukia. Mhadhiri akavuta kiti karibu, uso umechangamka. "Kwa nini?"

Nilijibu vitenzi vya Kiingereza vikigongana, wakati uliopita ukiingia ujao. Hakukubali. Nami sikukubali. Kengele ililia, tukashuka ngazi bado tunabishana.

Kwa furaha nikamwandikia mama kwamba nimembishia mwalimu wangu mbele ya watu. Jibu lake, alilomwandikisha jirani, lilifika na mkungu wa ndizi mbivu. Nimpelekee mwalimu haraka, nimwombe msamaha, na nisirudie.

Ndizi nilimpelekea. Akala akiniuliza ni ndizi ya ngapi ingemfanya mlafi.