Mama Mdogo na Mshono wa Chiriku

Mama mdogo wangu hushona sare za shule, na kwa miaka mingi alifanya kosa ambalo nadhani ni fundi cherehani peke yake angelifanya.

Mwanawe ana miaka minane. Tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata usingizini. Alizaliwa na mdomo wa juu uliopasuka, na kaakaa pia. Walimfanyia upasuaji mara mbili kabla hajajua kutembea vizuri. Sasa limebaki kovu jembamba chini ya pua, na ndani, pengo kwenye ufizi. Pengo hilo ndilo lililotupeleka kwa daktari wa meno. Inatakiwa lijazwe kwa kipande cha mfupa wa nyonga yake mwenyewe kabla jino la chonge halijaota, ili lipate pa kushikilia. Chiriku aliposikia hivyo aliuliza kama atakuwa anatafuna kwa kiuno.

Daktari alicheka, kisha akampaka kwenye meno dawa nyekundu inayong'ang'ania uchafu. Nilisogea karibu mpaka nesi akaniambia nisimzibie daktari taa. Meno ya nyuma yalibaki meupe. Ya mbele, yale yaliyoota upande upande kandokando ya pengo, yaliiva wekundu, na moja lilikuwa na tundu. Ufizi ulikuwa umevimba. Daktari akasema mfupa hauwezi kupandikizwa kwenye kinywa cha namna ile, utaoza. Alitupa wiki sita. Tukirudi na ufizi mchafu, nafasi atapewa mtoto mwingine, na chonge halitamsubiri mtu.

Mama mdogo alipandisha hasira. Alisema yeye mwenyewe ndiye anayemsugua huyo mtoto meno, asubuhi na jioni, hajawahi kumwachia. Daktari hakubisha. Alimpa Chiriku mswaki, akamwomba aonyeshe jinsi mama anavyomsugua. Chiriku akasugua kulia, akasugua kushoto, mbele akaruka.

"Hapo hatupagusi," akaeleza. "Patafumuka."

Mama mdogo akawa anaangalia viatu vyake.

"Daktari, nashona mwaka wa kumi na saba huu," alisema. "Mshono ukivutwavutwa unaachia. Nimeona sketi ngapi?"

"Mama, ule uzi uliyeyuka zamani. Hapo hakuna mshono tena, ni nyama imeshikana na nyama. Njoo uvute."

Alikataa. Daktari akasubiri, mikono mapajani, kama mtu asiye na mgonjwa mwingine. Mama mdogo, ambaye hutunga uzi sindanoni bila kuangalia, alinyoosha kidole huku amekikodolea macho, akainua mdomo wa mwanawe. Akauachia haraka. Akauinua tena, juu zaidi, mpaka Chiriku akalalamika kwamba sasa na pua inakwenda.

Tundu likazibwa siku ileile, tukapewa mswaki wenye kichwa kidogo kama punje ya hindi, wa kuingia pembeni mwa pengo.

Usidhani mambo yalinyooka. Wiki ya kwanza ufizi ulitoa damu, na mama mdogo akataka kuacha. Nikamkumbusha daktari alivyosema, kwamba damu hiyo ni ya uvimbe na itapungua. Akaniambia nisijifanye daktari kwa kidato cha pili. Lakini aliendelea. Kila jioni Chiriku alilaza kichwa mapajani pake, akipiga soga na povu mdomoni, na mama mdogo akimwambia, "Funga hadithi, fungua mdomo." Siku ya kumi na mbili mtoto akatema povu jeupe tupu. Niliitwa kutoka jikoni nije nitazame mate. Nikaenda, tena nikayatazama kwa makini.

Wiki ya sita dawa nyekundu ikapakwa tena. Mbele peupe. Nyuma, kwenye magego, madoa matatu. Daktari akasema naona wote mlihamia mbele, nyuma mkapasahau. Mama mdogo hakucheka, macho yalikuwa kwenye mkono wa daktari. Ule mkono ukabonyeza ufizi kwa kijiti cha chuma, damu haikutoka, ukavuta karatasi na kuandika tarehe ya upasuaji.

Kwenye korido mama mdogo alinipa karatasi nimsomee. Anajua kusoma vizuri tu. Nikasoma. Akasema rudia. Nilipofika mara ya tatu, Chiriku alikuwa ameshafika mlangoni na kumweleza mlinzi kwamba atapasuliwa, na mlinzi wa watu anampa pole.

"Mpe hongera," mama mdogo akamwambia.