Mpaka Keneli Awe Tayari

Wiki hiyo nzima nilikuwa nikijifunza kusema hapana. Nilisema hapana nikisuka nywele, nikasema nikifua, nikasema nikiwa peke yangu njiani mpaka mama mmoja mwenye kuni akanigeukia akauliza, "Unanikataza nini, mwiitu?" Mwiitu kwetu ni binti. Cheka ukitaka. Wewe hukulelewa nyumba ya baba yangu. Katika nyumba ile neno hapana lilikuwa mali ya mzee. Sisi wengine tulikuwa na "sawa baba," na ukiwa na bahati, "nitaona."

Jumamosi hiyo mbuzi wa ntheo walikuwa wanakuja. Kwetu Ukambani msichana anaweza kuvaa gauni jeupe, akaimbiwa na kwaya na kukata keki ya ghorofa, lakini kama mbuzi wa ntheo hawajachinjwa kwao, bado ni wa baba yake. Wakishachinjwa, ni mke wa mtu, hata kama hilo gauni halijashonwa. Na mtu mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa Emali, muuza misumari na mabati, mpole, mwimbaji wa sauti ya nne, hajanikosea hata kidogo. Sikumtaka, basi. Mara ya kwanza alipokuja kwetu Mbumbuni alikiona kitabu changu cha kompyuta mezani, akakifungua, akakifunga, akasema, "Hii itakusaidia dukani." Alisema kwa wema kabisa. Nikakichukua kitabu changu nikakirudisha chumbani.

Sasa, nyumbani kwetu kulikuwa na desturi moja, na ndiyo iliyokuwa tumaini langu lote. Kabla kisu hakijatoka, baba humwita msichana mbele ya wageni na kumwuliza, "Hawa mbuzi tuwachinje, ama warudi kwao?" Wengi hutazama vidole vya miguu na kunong'ona wachinjwe, ama hucheka tu, na kicheko nacho huhesabiwa ndiyo. Lakini swali huulizwa, na akisema warudi, hurudi. Binamu yangu mmoja aliwahi kuwarudisha, na hakufa. Msichana asipokuwepo, shangazi ndiye humjibia. Na shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameshachagua hata leso ya kujifunga siku hiyo. Kwa hiyo sikuhitaji ujasiri mwingi wala hotuba. Nilihitaji kuwepo.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kwisha. Nilikuwa nimesomea kompyuta Nairobi, nikarudi, na kamati moja ya maji, nje kidogo ya Sultan Hamud, ikanipa kazi. Walikuwa na kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine, jenereta ya dizeli, na pampu iliyozamishwa huko chini. Anayeamua pampu izunguke lini na isimame lini, isije ikavuta hewa ikaungua, alikuwa kikompyuta kidogo, hakina kioo wala kibodi, kisanduku tu chenye taa nyekundu, ambacho ungeweza kukidhania redio ya fundi. Mzungu aliyekileta alikwishaenda zake. Kikawa kinazima kila mara, kwa sababu keneli yake, yaani ile programu ya ndani kabisa ambayo kompyuta huamka nayo na kuendesha kila kitu, ilikuwa kubwa mno kwa kumbukumbu yake ndogo. Ilibeba mambo ya bure: muziki, panya wa kompyuta, mitambo ya kuchapisha. Kisima kina haja gani na muziki?

Basi kazi yangu ilikuwa kuipunguza. Kwenye kompyuta nyingine kuukuu, hapo hapo kando yake, nilikuwa nikiiseti keneli mpya, na kuiseti ni kujibu maswali. Mashine inauliza moja baada ya jingine, maswali yasiyokwisha. Unataka hiki? Bonyeza y kwa ndiyo, n kwa hapana. Ukinyamaza ukabonyeza kile kitufe kikubwa tu, inachukua jibu ambalo ilikuwa nalo tayari. Ukikosea, hakuna kurudi swali la nyuma, unaanza upya kabisa. Ukimaliza, unaiacha ijipike, na kupikika kwake huchukua muda wa sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe yale makavu ya mwaka jana.

Ijumaa nilikuwa nimejibu hapana kwa utamu usio na kifani. Sauti? Hapana. Panya? Hapana. Mtandao? Hapana, hapana, na wewe pia hapana. Katika raha hiyo nikakiambia kikompyuta hapana juu ya diski yake mwenyewe. Keneli mpya ilipoamka haikuona pa kukanyaga, ikaandika kwenye kioo cha ile kompyuta kuukuu, iliyounganishwa nayo kwa waya, maneno yanayoogopwa na kila fundi, kwamba imepaniki, na ikasimama. Ile ya zamani nilikuwa nimeshaifuta, kwani nafasi ya mbili haikuwepo. Jioni hiyo punda walirudi na mitungi mitupu, na watu wakaingia chumbani kwangu kwa makelele wakitaka kujua kama mimi ni msomi ama ni mchawi.

Mwenyekiti wa kamati akaniomba nije Jumamosi asubuhi. Ningemkatalia vipi, na watoto wa watu wana kiu? Ntheo ilikuwa saa nane mchana. Nikamwambia saa nne nitakuwa nimemaliza.

Hapa lazima niseme habari ya mlango. Mwaka huo mwizi aliingia mle chumbani akaiba kibodi, na tuliambiwa baadaye alikuwa ameipeleka kwa mwalimu wa kwaya akiiuza kama kinanda. Tangu hapo kamati ikapitisha kwamba mlango ule wa chuma ufungwe kwa kufuli ya nje saa zote, hata mtu akiwa ndani. Ufunguo ulikaa na mlinzi, mzee aliyestaafu jeshini, tuliyemwita Afande. Buti zake zilikuwa zimechakaa mpaka kidole kinachungulia, lakini zilipigwa rangi kila siku. Asubuhi hiyo mwenyekiti, akiwa na haraka ya kwenda Emali kutafuta dizeli, alimwambia mbele yangu, "Watu wasimsumbue kama jana. Usifungue mlango huu, mtu asiingie wala asitoke, mpaka keneli iwe tayari."

"Ndiyo, bwana mkubwa!" Afande akapiga saluti. Na mimi nikatingisha kichwa, nikaona ni mpango mzuri. Punda mimi.

Nikajibu maswali upya, safari hii kwa adabu. Nikaipika. Joto la bati lilikuwa limeanza kushuka kichwani, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, dirisha ni tundu lenye nondo. Nikaiwasha. Ikapaniki. Diski ilikuwa inaiona sasa, lakini nilikuwa nimesahau kuiruhusu isome jinsi diski hiyo ilivyopangwa. "Woi!" nikapiga ukelele, "keneli imepaniki tena!" Saa yangu ilikuwa imepita saa nne zamani.

Nikaketi nikaamua. Maji yangeweza kungoja Jumatatu. Mimi nisingeweza. Nikaenda dirishani.

"Afande, nifungulie. Naenda nyumbani."

"Kanali yuko tayari?"

Nilidhani ni lafudhi tu. "Bado. Lakini mimi naenda. Leo ni ntheo yangu."

"Hongera sana, mwiitu. Lakini amri ni mpaka awe tayari."

"Awe? Nani awe?"

"Kanali." Alipolitaja alibana visigino. "Si wewe mwenyewe nimekusikia ukilia, kanali amepaniki? Mimi nimekaa jeshini. Kanali akipaniki, kambi inafungwa. Hata mpishi hatoki."

Siku nyingine ningecheka mpaka nishike mbavu. Siku hiyo nilishika nondo. "Hakuna kanali humu! Ni kompyuta! Keneli ni kitu cha kompyuta! Chungulia uone kama kuna mtu!"

Akachungulia, kwa heshima, kofia mkononi. Akaona kioo chenye maandishi, nyaya zilizotapakaa, na kisanduku kinawasha taa nyekundu. Akarudi nyuma polepole. "Kumbe anaongea kwa simu ya upepo," akasema. "Basi endelea, usimwache peke yake."

Nilimtukana. Nasema ukweli, nilimtukana mzee mwenye umri wa babu yangu, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, na alisimama akinipa mgongo kama askari anavyostahimili mvua. Nikapiga mlango teke, nikaumiza kidole. Nikalia. Kisha nikaona kwamba njia pekee ya kutoka mle ni kupitia ndani ya ile mashine, nikafuta macho kwa mkono wa blauzi, nikarudi kwenye maswali.

Ndiyo. Hapana. Hapana. Ndiyo. Kila swali nililisoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila moja lilikuwa likinila mchana wangu. Nikafikiri: sasa wanateremsha mbuzi kwenye gari. Sasa mwaitu, mama yangu, anatoka nje kuangalia barabara. Alikuwa anajua nitasema nini. Sikuwahi kumwambia, lakini alikuwa amenifulia nguo yangu ya buluu bila kuulizwa, akasema, "Ukisimama mbele za watu, simama vizuri." Wakati keneli inajipika nilikaa sakafuni nikiegemea mlango, mahali pekee penye ubaridi, nikasema hapana kwa sauti mpaka koo likakauka. Hakuna aliyenisikia.

Ikaamka. Mistari ikashuka kwenye kioo mmoja mmoja, haikusimama, haikulalamika. Chini ya ardhi pampu ikaguna, na baada ya kitambo nikasikia maji yakigonga tangi. Nje kukalipuka vigelegele. Kina mama waliokuwa wamekaa na punda wao tangu alfajiri waliinuka wakaimba wimbo wa kumsifu Bwana. Nilipanda juu ya kiti, nikazitikisa zile nondo kwa mikono miwili, nikapiga kelele, "Nifungulieni! Jamani, nifungulieni!" Jenereta ilimeza kila neno. Walinipungia mikono. Mmoja alirusha leso hewani, "Ubarikiwe, mwiitu! Furahi! Furahi nasi!"

"Afande!" nikaita kupitia mlangoni, alikosimama hatua moja tu. "Keneli iko tayari! Si unaona maji?"

"Nimeona. Kazi safi kabisa. Sasa mwambie aniamuru mwenyewe."

Mungu anisamehe, nilijaribu. Nilijificha nyuma ya kompyuta, nikaishusha sauti mpaka tumboni, nikanguruma, "Afande! Fungua mlango!"

Afande akatega sikio. Kisha akajibu kwa huzuni, "Kanali hawezi kuongea Kiswahili cha Mbumbuni."

Mwenyekiti aliporudi na mapipa yake, jua lilikuwa limeshainama. Alipoelezwa alicheka mpaka akakalia pipa. "Ai, Afande, wewe! Keneli! Ke-ne-li!" Afande alifungua kufuli bila kunitazama usoni, akikosea tundu mara mbili, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyozeeka. Sikumwambia pole wala asante. Nilipita katikati yao nikakimbia barabarani, nikapata lori la mchanga, na dereva, alipoona uso wangu, akakanyaga mafuta.

Harufu ya nyama niliisikia kabla sijafika lango. Uani kulijaa watu. Nilikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, blauzi imeraruka begani na kwapa zina chumvi. Yule bwana wa Emali alisimama kwa heshima aliponiona, akafuta midomo. Nguo yangu ya buluu ilikuwa kwenye kamba, imepigwa pasi, haijavaliwa.

Baba hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. "Tulikuita," akasema. "Tulikungoja mpaka wazee wakaanza kuangalia jua. Wageni hawawezi kushikilia kamba ya mbuzi siku nzima."

"Nikakujibia vizuri," shangazi akadakia, anang'aa ndani ya leso yake. "Nikawaambia, hata kama mwili uko kazini, moyo wake uko hapa. Mwacha mila ni mtumwa, na huyu wetu si mtumwa."

Nikasimama katikati ya uwanja. Nikasimama vizuri. "Hapana," nikasema.

Lilitoka zuri, safi, kwa sauti kubwa, jinsi nilivyolitaka. Kila mwenye kipande mkononi aliacha kutafuna. Mwaitu alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko.

Shangazi akanitazama, akaitazama sufuria, akanitazama tena. "Sasa unamkataa nani, mama?" akauliza. "Huyu amekwisha kuwa supu!"

Walicheka. Wazee walicheka, wageni wakacheka, yule bwana naye akacheka kwa upole, kichwa chini. Na mimi, ambaye sikuwa nimekula tangu asubuhi, ambaye sauti yangu yote ilibaki kwenye zile nondo, nilisikia kitu kinapanda kutoka tumboni, nikadhani ni kilio. Kilikuwa kicheko. Nilijaribu kukizuia kikanishinda. Nilicheka nikainama, machozi yananitiririka, nikakosa hata pumzi ya kulirudia lile neno, na katikati ya kicheko hicho nikamsikia baba akiwaambia wazee, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo:

"Mmemsikia wenyewe. Amekubali."