Kipande cha Mlimani

Pigo la kwanza lilikuwa la mpini wa jembe, na aliyepiga ni mdogo wangu, tumbo moja na mimi. Jirani yangu alikinga uso kwa mkono wa kushoto, mfupa ukalia kama shina bichi la muhogo linapovunjiwa gotini. Mimi nilikuwa nimekaa karibu nao, kwenye kiti cha mwenyekiti. Maneno yaliyomnyanyua mdogo wangu yalikuwa yametoka kinywani mwangu muda huo huo.

Kijiji chetu kiko kaskazini mwa Kibirizi, kando ya ziwa. Barabara yetu inaanzia juu kwenye michikichi, inashuka mlima mkali mpaka ufukweni, wanakoanika dagaa. Serikali haikuichonga. Tuliichonga wenyewe kwa kazi ya pamoja, yaani msaragambo, na kila kaya ina kipande chake cha kufyeka, kuzibua mtaro na kufukia mashimo. Asiyefanya, mgambo humchukulia mbuzi. Kamati ya barabara ndiyo inayogawa vipande, na kamati hiyo niliiongoza mimi baada ya baba yangu.

Kipande changu ni tambarare. Kipande cha jirani ni mlima wenyewe, pale barabara inapobanwa na ngema ya udongo mwekundu upande mmoja na korongo upande wa pili. Watu wake walitoka Burundi zamani wakikimbia kuuawa, wakakuta vipande vizuri vimeshachukuliwa, baba yangu akawapa kilichobaki. Jirani mwenyewe amezaliwa hapa. Kirundi chake na Kiha changu vinaelewana bila mkalimani.

Baba yake alifia kwenye kipande hicho. Alikuwa akizibua mtaro wakati wa masika, ngema ikamporomokea. Tulimfukua kwa majembe, na jembe la mmoja wetu lilimpasua shavu kabla hatujajua kwamba tumefika kwenye uso. Nilikuwepo, nikaiona damu nyeusi iliyochanganyika na tope. Hata baada ya hapo, kila mara jirani alipokuja kuniomba mlima ule ugawanywe kwa kaya nyingi, nilimjibu kwamba tutaliangalia. Sikuwahi kuliangalia. Kugawanya mlima kungemaanisha kwamba na mimi nipande na jembe langu.

Kisha zikaja habari za mabadiliko. Halmashauri ilikusudia kuviingiza vijiji vya ufukweni kwenye mji mdogo. Vijiji vingegeuka mitaa, serikali ya kijiji ingefutwa, kamati za barabara zingevunjwa, na barabara zote zingeshikwa na halmashauri. Alitumwa afisa, mama mmoja mpole, azunguke kusikiliza maoni ya kila kamati. Hofu yetu ilikuwa ya kweli. Tulifikiri ufukwe ungepimwa viwanja, wanawake wangekosa pa kuanikia dagaa, na barabara ingesubiri fedha za bajeti huku mvua ikiila. Tulipatana kabla ya mkutano kwamba tutasema hatutaki, kwa sauti moja. Jirani alikuwa mjumbe kwa sababu kila kitongoji kilitakiwa kiwe na mtu. Katika kupatana huko hatukumwita.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule, asubuhi ya msaragambo, kwa hiyo watu walikuja na majembe yao. Nilisema maoni ya kamati, watu wakapiga makofi. Afisa akauliza kama kuna mjumbe mwenye mawazo tofauti. Jirani akasimama.

"Mimi nasema huo mji uje," alisema. "Barabara ikiwa ya serikali, ule mlima utachongwa na katapila. Mimi nimeuchonga kwa mgongo wa baba yangu na mgongo wangu, na sasa mke wangu naye ameanza kupinda."

Mtu mmoja alimuuliza kama katapila hilo atavuka nalo kutoka kwao Burundi. Watu wakacheka. Mambo yangeweza kuishia kwenye kicheko kile. Lakini niliona mama afisa anaandika, nikaona sauti yetu moja inageuka mbili, na uenyekiti wa baba yangu unaniponyoka mbele ya wageni.

Nikasema, "Mama, hilo usiliandike. Huyu si wa hapa. Hana kauli juu ya barabara yetu."

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa kiongozi wa mgambo. Alinisikia kama mtu anayesikia amri.

Baada ya mkono kuvunjika wakaja wengine. Walimpiga kwa mipini mgongoni na kwenye magoti. Mmoja aligeuza jembe akampiga kwa bapa la chuma sikioni, sikio likaning'inia. Mke wake alijirusha juu yake, akavutwa nywele mpaka zikabaki mikononi mwa mtu. Afisa alikimbilia gari lake, likaondoka kioo cha nyuma kimeshapasuliwa kwa jiwe. Nilisema "inatosha" jirani alipokuwa ameshaacha kujikunja. Sikusema kabla ya hapo, na nilikuwa na pumzi ya kusema.

Polisi walikuja kesho yake kuuliza kilichotokea. Niliwaambia mtu yule aliteleza mlimani. Niliutumia mlima ule ule. Kuhusu kioo cha gari, nilisema ni utoto wa wanafunzi. Jirani alikuwa hospitalini mjini, taya limevimba, na walipomfikia hakunikanusha. Baadaye nilielewa kwa nini: familia yake ilikuwa bado kijijini, katikati yetu.

Msaragambo uliofuata ulikuwa na mvua. Nilipita mlimani nikamkuta mke wake peke yake kwenye mtaro, tope magotini, kitambaa kichwani pale nywele zilipong'olewa. Juu yake ngema ilikuwa imeanza kufanya ufa.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema, akaendelea kuchimba.

Kuamkiwa na yeye kuliniuma kuliko kama angenitukana. Nilimwambia atoke, kuanzia siku ile kipande kile nimekifuta, hakuna atakayemdai. Bonge la udongo likaanguka karibu na mguu wake. Hakuruka.

"Kifute mbele ya watu," alisema. "Mume wangu ulimfuta mbele ya watu."

Nafasi hiyo niliipata masika yalipokwisha. Afisa alirudi na askari wawili, kwa kuwa maoni yetu yalihesabika kuwa hayajapatikana. Siku chache kabla, mdogo wangu alikuwa amezunguka akisema kwamba safari hii yule mtu akifungua mdomo hatafika hospitali. Nilimsikia nyumbani kwangu, akila chakula changu, na nilijua hatanii.

Jirani alikuja. Mkono wake ulikuwa umeunga vibaya, umepinda kuelekea ndani. Afisa alipouliza swali lake, alisimama akasema maneno yale yale ya mwanzo, polepole kwa sababu ya taya. Mdogo wangu naye akasimama, mpini mkononi. Watu wakanitazama mimi.

Nilikwenda nikasimama kando ya jirani. Nikasema mtu huyu hakuteleza, alipigwa, na aliyewaambia wampige ni mimi, hata kama sikutaja neno kupiga. Nikasema baba yake alikufa akiitengeneza barabara hii, na kwetu sisi hakuna aliyekufa kwa ajili yake. Nikasema kuanzia siku ile mlima si kipande cha kaya yake tena. Nikamwambia afisa, "Mimi bado siutaki mji. Yeye anautaka. Andika yote mawili, kamati ina maoni mawili."

"Umeniuza, kaka," mdogo wangu alisema.

Alinipiga mdomoni. Nilianguka na meno yangu ya mbele nikayahisi kwenye ulimi kama changarawe. Alinyanyua mpini tena, safari hii kwa jirani, lakini askari walimfikia. Na wao hawakuwa wapole. Walimpiga rungu shingoni, wakamkandamiza uso kwenye kokoto, mmoja akasimama juu ya mkono wake mpaka alipolia kama alivyokuwa akilia utotoni. Nililala pale nikatazama mtoto wa mama yangu anafungwa pingu. Baadaye nilitoa ushahidi. Yuko gerezani, na nikienda kumwona hatoki.

Siku ile walinipakia kwenye bodaboda kunipeleka mjini kushonwa. Mlimani pikipiki ilikuwa ikipanda taratibu, jirani akitembea nyuma yetu akielekea kwake. Tulipofika kwenye michikichi, kwenye kipande changu mimi, gurudumu liliingia shimoni, maumivu yakanitoa ukelele. Jirani alitufikia akalitazama lile shimo.

"Kipande chako kibovu, mwenyekiti," alisema, akapita.

Mpaka leo hatujajibiwa kama tutakuwa mji au tutabaki kijiji, na katapila hatujaliona. Nilipouleta mlima kwenye kamati ugawanywe, kaya zote zilikataa. Waliniambia nimeyaanzisha mwenyewe, niyamalize mwenyewe. Kwa hiyo jirani amechukua kipande changu cha tambarare, na lile shimo alilifukia wiki ya kwanza kwa mkono mmoja na nusu. Mimi napanda mlimani na jembe. Ufa wa ngema umeongezeka. Mvua ikinyesha, udongo hunidondokea shingoni, nami huendelea kuchimba mtaro. Yeye hupita pale na mawese yake akishuka ufukweni, huniamkia vizuri kama ilivyo desturi. Hasimami.