Rangi Aliyoitambua Mama

Mwaka nilipopata diploma yangu ya masomo ya jioni, nikiwa na umri ambao wenzangu wanaozesha mabinti, niliamua kichwa changu nacho kivalishwe kwa ajili ya sherehe. Nilitaka balayage, ile rangi ya nywele ya kupakwa kwa brashi. Si ile ya kupakwa kichwa kizima mpaka unafanana na bidon ya manjano inayoenda kuchota maji. Nilitaka mizizi ibaki nyeusi, kahawia ianzie katikati kwa adabu, na ncha ziwe kana kwamba zimekaa juani miaka mia. Nilitaka mtu akiniona aseme Mungu aliniumba hivyo.

Kumpata fundi hapa Goma kulinitoa jasho kuliko mtihani wa hesabu. Katika mtaa wa Mapendo nilikuta saluni yenye picha nzuri ukutani, lakini mteja aliyekuwa anatoka alikuwa na kichwa ambacho kingeweza kuongozea ndege uwanjani.

"Ile njo balayage?" nikamuuliza mwenye saluni.

"Njo yenyewe, mama! Inaonekana mpaka Gisenyi!"

"Njo shida," nikasema, nikaziokoa nywele zangu.

Mwingine hakuuliza hata kama nimewahi kuweka dawa ya kunyoosha. Nilipoketi tu alikuwa ameshafungua kopo. Huyo nilimdanganya kwamba nimeacha maharagwe kwenye moto. Halafu kwenye harusi moja kanisani nikajikuta nimekaa nyuma ya mama mwenye nywele ambazo, nakuapia, nilizisoma misa nzima bila kusikia neno la padri. Sikuona rangi inaanzia wapi. Nilimfuata nje, nikamkamata mkono akiwa tayari juu ya pikipiki. Akacheka, akanielekeza Katindo.

Fundi wa Katindo hakunipa kiti. Alinitoa kwanza kwenye baraza, akazifungua nywele zangu juani, akauliza dawa ya mwisho niliweka lini na ilikuwa ya aina gani. Akajaribu rangi kwenye shungi moja nyuma ya sikio, akaniambia niende nyumbani.

"Leo haufanye?"

"Kama itakatika, ikatike hiyo moja. Ama unataka kuvaa kitambaa mpaka Pasaka?"

Shungi halikukatika. Niliporudi alifanya kazi kwa brashi na mkono mwepesi, kama anayempaka mtoto mchanga mafuta: anagusa hapa, anaruka, anagusa pale. Nilipojiona kwenye kioo nilipiga kigelegele ambacho bila shaka kilisikika juu ya volkano. Hata mume wangu, fundi wa mbao na mtu wa maneno machache, aliniangalia jioni ile kwa muda mrefu. Hakuuliza kitu. Nami sikusema, kwa sababu utamu wenyewe ulikuwa kwamba haijulikani.

Wiki kadhaa baadaye mama yangu akateremka kutoka Masisi kwa ajili ya sherehe, na jibini ndani ya mfuko, na maharagwe ya kulisha mtaa. Nilivua kitambaa cha kichwa mbele yake kwa madaha yote niliyonayo. Tabasamu lake likadondoka.

"Unakulaka, mutoto wangu?"

"Mama! Ninakula kama kambi yote ya askari ya Katindo!"

Hakucheka. Alienda jikoni, akafunua sufuria moja moja. Kesho yake asubuhi niliamka nikasikia kidole gumba chake juu ya mguu wangu. Alibonyeza kwa nguvu, akaachia, akainama kuangalia. Nilidhani ni mapenzi ya mama. Nikacheka kwa mtekenyo nikageukia ukutani. Kutoka hapo akawa ananipa mayai na maziwa, na kusimama mbele yangu mpaka nimalize.

Huko kwetu milimani kila mama anajua dalili hizo. Nywele za mtoto zikigeuka kahawia, na mguu ukibonyezwa ukabaki na shimo, ni bwaki, ugonjwa wa mtoto aliyekosa chakula. Mimi pia nilijua. Niliandika jibu hilo kwenye mtihani wa biolojia, nikapata pointi zote. Haikunijia hata mara moja kwamba jibu lile nilikuwa nalibeba kichwani.

Jumapili mchana nikaona mjomba, kaka yake mama anayekaa Munigi, anaingia. Nyuma yake, kaka mkubwa wa mume wangu. Nikafurahi, nikafikiri wamekuja kupanga sherehe. Nikaleta chai nikiimba. Mume wangu aliitwa, akaketi kwenye ukingo wa kiti, na mama akaugeuza uso wake dirishani. Kwetu mama hasemi na mkwe wake ana kwa ana kwenye jambo zito; maneno hupita kwa mtu mwingine. Basi akamwambia mjomba:

"Muambie mukwe wangu, tulimupatia mutoto mwenye nywele nyeusi."

Mjomba akakohoa. "Mukwe, mama anasema ulipewa mutoto mwenye nywele nyeusi."

"Ni kweli, papa," mume wangu akasema.

"Muulize, chakula ya hii nyumba inaendaka wapi?"

Kaka mkubwa akaweka kikombe chini kwa kishindo. "Ah non, mama! Ndugu yangu hapana mutu wa kunyima bibi yake chakula!"

"Nywele yake njo inasema. Si mimi."

Nilisimama na birika mkononi. Mume wangu, anayelisha watu sita kwa randa na msumeno, alikuwa ameinamisha kichwa kama mwizi aliyeshikwa sokoni.

"Papa, uambie mama," akasema polepole, "hata mi niliona. Niliogopa kumuuliza. Niliwaza ni ile masomo inamumaliza. Njo maana niko namuachia nyama yangu."

Na ni kweli. Jioni zote hizo alikuwa akiisukuma nyama yake kwenye sahani yangu, nami nikimkonyeza, nikiamini kwamba ni balayage inafanya kazi yake.

"Ni rangi," nikasema.

Hakuna aliyeelewa. Ilibidi niseme tena, na mara hii sauti ilitoka ndogo, mimi ambaye nikisalimia barabarani mbwa wanaamka. "Mama, sina ugonjwa. Nilienda kwa fundi. Alinipaka."

Mjomba akanitazama. "Ulienda mwenyewe, ukaomba bakupake bwaki?"

Kaka mkubwa aliangua kicheko, akapiga goti, halafu akaona anacheka peke yake. Mama aligeuka kutoka dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimwona akimtazama mume wangu usoni.

"Anisamehe," akamwambia mjomba, ingawa macho yalikuwa kwa mkwe. "Mukubwa yake alianzaka hivi. Kwenye nywele."

Mkubwa wangu huyo, mtoto wa kwanza wa mama, nilimjua kwenye sala tu. Alikufa kabla sijazaliwa, mwaka walipoyakimbia mashamba, njaa ikaingia. Nilitamani ardhi ipasuke, na Goma, chini ya volkano, ardhi ikiombwa huweza kukubali, lakini siku ile ilikataa.

"Leta kichanuo," mama akasema. "Kaa hapa."

Nikaketi chini, katikati ya magoti yake, mbele ya shemeji na mjomba, mimi mwenye diploma. Akaanza kunisuka. Kila msuko ulipofika mwisho alikunja ncha ya kahawia, akaiingiza ndani, akaifunga kwa uzi mweusi mpaka isionekane. Mume wangu alichukua birika, akawamiminia wageni chai mwenyewe. Alipofika kwangu aliweka kikombe sakafuni karibu na mkono wangu.

"Inauma?" mama akauliza.

"Hapana, mama."

Alikuwa anavuta mpaka machozi yanatoka, na sikutaka alegeze.